Mianzi ya Papa Tshibangu

Nilifika Brussels mwezi wa Julai nikiwa na cheti cha maabara, masanduku matatu na Kifaransa cha maneno sita. Mume wangu Shafii aliletwa na kazi ya ubalozi. Mimi nililetwa na mume. Tulipewa fleti ya ghorofa ya nne huko Evere, na kila asubuhi Shafii alipopanda basi kwenda kazini, mimi nilibaki na dirisha. Nyumbani Tanga nilikuwa nashinda hospitalini, nachukua damu, naipaka kwenye vioo, natafuta vijidudu vya malaria kwa darubini. Hapa kazi yangu ikawa kuangalia majirani wakitoa taka.

Septemba nikaenda kujiandikisha darasa la Kifaransa. Limejaa, wakaniambia, rudi Januari. Nilipogeuka kuondoka nikaona kwenye ubao wa matangazo karatasi iliyochorwa mwanzi mmoja kwa wino mweusi. Hapakuwa na ardhi chini yake wala mbingu juu yake. Mwanzi tu, na majani machache yaliyoinamia upande mmoja, na bado nilijua kwamba pale pana upepo. Chini yake paliandikwa anwani ya Schaerbeek na neno *samedi*, Jumamosi, ambalo lilikuwa mojawapo ya maneno yangu sita.

"Nenda ukachore," Shafii alisema usiku ule. "Kuchora hakuhitaji lugha."

Alikosea, lakini nikaenda.

Darasa lilikuwa kwenye ukumbi wa chini wa nyumba ndefu ya matofali, karibu kabisa na reli ya tramu, kiasi kwamba ikipita glasi zinalia kabatini. Tulikuwa wanafunzi tisa kwenye meza mbili. Mwalimu aliitwa Madame Okabe, mama wa Kijapani wa miaka sabini na kitu, mfupi, nywele nyeupe zimekatwa sawasawa kwenye masikio. Alikuja Ubelgiji ujanani, akaolewa na Mbelgiji, akabaki. Kifaransa chake kilikuwa cha sentensi fupi fupi, lakini hata hizo fupi zilinipita.

Siku ya kwanza hatukuchora chochote. Tulisaga wino. Kila mtu alipewa mche mweusi, mgumu kama sabuni iliyosahaulika juani, na jiwe lenye kishimo. Unadondosha maji kidogo, unazungusha mche polepole, na masizi yaliyogandishwa na gundi yanaanza kulainika hadi yanakuwa wino. Nusu saa. Mimi nikasaga kama ninayesaga pilipili kwa ajili ya wageni waliokwisha kufika, na tone likaruka likatua kwenye mkono wa gauni langu.

"Yarabi, gauni langu jipya!"

Mwanamume aliyekaa kando yangu akasimamisha mkono. Alikuwa mtu mzima, mnene kiasi, amevaa koti la suti juu ya fulana, na mikononi ana madoa ya rangi ya zamani ambayo hakuna sabuni ingeyatoa.

"Kumbe maman, unasemaka Swahili?"

Karibu nimkumbatie. "Shikamoo, mzee!"

Akatazama mikono yangu, akatazama meza. "Nikamate nini?"

Nikamweleza kuwa ni salamu ya heshima kwa wakubwa. Akacheka. "Ah bon. Lakini usiniite muzee, bado niko na meno. Miye ni papa Tshibangu. Natokea Kenya."

"Kenya! Nairobi au Mombasa?"

"Hapana, Kenya ya Lubumbashi! Iko commune moja kule, inaitwaka Kenya. Miye nilizaliwa pale."

Basi tangu siku ile akawa masikio yangu. Madame Okabe alisema jambo kwa Kifaransa, papa Tshibangu akainama upande wangu akanipa kwa Kiswahili chake, nami nikalipokea kwa changu. Si kila kitu kilifika salama. Jumamosi ya pili mwalimu alitwaa brashi, akaishika wima kama mshumaa, akachora jani moja, akasema maneno machache. Papa Tshibangu akaninong'oneza:

"Anasema, paka moja, kisha unaacha."

Nikatazama karatasi ya mwalimu. Nikatazama picha zilizobandikwa ukutani. Mianzi kila mahali.

"Papa, simwoni paka."

"Paka gani?"

"Si umesema tuchore paka mmoja?"

Alipoelewa, akafunika uso kwa kiganja, mabega yakamtikisika. Kwa watu wa Lubumbashi, *paka* ni kusema *tu*. Mpigo mmoja tu wa brashi, kisha uache. Madame Okabe akageuka kuona nani anacheka kwenye darasa lake, na papa Tshibangu akalazimika kumweleza yote kwa Kifaransa. Mwalimu hakucheka. Lakini kabla ya kuondoka alinipa karatasi ndogo aliyoichora pembeni mara moja hivi: paka, mgongo tu na mkia.

Taratibu nikamjua papa Tshibangu. Lubumbashi alikuwa mchora mabango. Saluni, baa, duka la dawa, fundi baiskeli: ukutani mwao kote alipita yeye na makopo yake ya rangi, na pembeni chini aliweka sahihi yake. Alipokuja Brussels akachora nusu ya mabango ya Matonge, mtaa wa Wakongo: vichwa vya wanawake waliosukwa mitindo yote, herufi nyekundu zenye kivuli cha njano. Kisha zikaja stika za plastiki zinazochapwa na mashine, na wenye maduka wakaacha kumwita. Sasa alipaka kuta za majengo, nyeupe juu ya nyeupe, na kazi hiyo ndiyo iliyomleta hapa. Majira ya kuchipua yaliyopita alikuwa anapaka rangi koridoni nje ya darasa, mlango ukiwa wazi. Akamwona Madame Okabe peke yake, anachora jani.

"Paka moja," aliniambia. "Fff! Jani. Miye nilisimama na rouleau ya kupaka ukuta, rangi inaanguka chini. Nikamuuliza, madame, utarudilia saa ngapi? Akasema, *jamais*. Hata siku moja. Maman Zulekha, sikuamini."

Na hapo ndipo palipokuwa na taabu yake. Maisha yake yote papa Tshibangu alikuwa mtu wa kurudilia. Bango linachorwa kwa tabaka: rangi ya chini, ya juu, mpaka, kivuli, mng'ao. Ukosee, unasubiri ikauke, unafunika. Ukuta una subira. Karatasi ya Madame Okabe haikuwa nayo. Iliunywa wino pale pale, na ukirudi juu ya jani kulirekebisha, jani linavimba. Papa Tshibangu alichora jani zuri, akalitazama, akaona ncha haikukaa sawa, akarudi. Kisha akarudi kuurekebisha marekebisho. Mwisho wa saa karatasi yake ilijaa majani manene kama viatu.

Na kila Jumamosi ni yeye aliyenitafsiria: "Anasema tena, usirudilie."

Mimi sikurudilia. Sikuwa na kipaji. Nilikuwa na mazoea. Ukitaka kusoma damu, unaweka tone mwisho wa kioo, unasimamisha kioo cha pili kwa mwinamo, unakisukuma mara moja. Ukirudi nyuma unazipasua chembe, na daktari atasoma upuuzi. Miaka minane mkono wangu ulikuwa ukifanya hivyo kila siku. Kwa hiyo mwezi wa Novemba, Madame Okabe aliposimama nyuma yangu nikichora jani, alitoa sauti.

"Amesemaje, papa?"

"Anasema: *Ah*."

Nilirudi nyumbani nikamrudia Shafii ile *ah* mara nne wakati wa chakula.

Madame Okabe hakuwahi kumwambia mtu kuwa amekosea. Alikuwa anakuja tu na karatasi mpya, anaiweka juu ya ile iliyoharibika, kama mtu anayemfunika mtoto shuka. Papa Tshibangu alifunikwa hivyo majira yote ya baridi. Lakini Jumamosi moja ya Machi, alipokwisha kuchora jani lililotoka vizuri kuliko yote ya nyuma, akainua brashi tena, na mwalimu, aliyekuwa amesimama kando yake, akamkamata kifundo cha mkono. Hakumkamata kwa nguvu. Akasema sentensi moja. Wenzetu wote wakageuka.

"Nini, papa?" nikauliza.

"Hapana kintu."

Akaiosha brashi yake vizuri, akaichonga ncha kwa vidole kama mtu anayeheshimu kifaa, akaiweka mahali pake. Akavaa koti. Akatoka. Tramu ikapita na glasi zikalia kabatini.

Jumamosi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Nilipiga simu, haikupokewa. Darasani nikawa bubu na kiziwi kwa pamoja. Kwa wakati huo nilikwisha kupata nafasi darasa la Kifaransa, lakini lilinifundisha kununua tiketi na kumweleza daktari panapouma. Halikunifundisha wino mwepesi na wino mzito. Mwalimu aliposema jambo, wenzangu wote waliweka brashi chini na mimi nikaendelea, kisha wao wakaanza na mimi nikaacha. Jumatano ya wiki ya tatu nikapanda metro hadi Porte de Namur, nikaingia Matonge kumtafuta.

Nilijua tu kuwa mkewe ana saluni. Nilichungulia saluni tatu, na ya nne sikuhitaji kuuliza. Kuta zote, kutoka sakafuni hadi darini, zilikuwa vichwa: wanawake thelathini wa papa Tshibangu, wenye midomo myekundu na shingo ndefu, kila mmoja na jina la mtindo wake chini. Mama mmoja mwenye mikono mepesi alikuwa anamsuka msichana, na kinywani ameshikilia kitana.

"Samahani, namtafuta papa Tshibangu."

Akatoa kitana. "Weye njo maman wa Tanzanie? Bon, miye ni Victorine, bibi yake. Eko pale, anajificha nyuma ya gazeti sawa mutoto."

Kweli, kwenye kona palikuwa na gazeti lenye miguu. Likashuka.

"Sikujificha. Nasoma."

"Anasoma, wiki mbili ukurasa moja," akasema maman Victorine. "Na kila karatasi ya nyumba anaandika majani. Karatasi ya misa ya église, majani. Calendrier, majani. Nikamuuliza, papa, weye ni mbuzi?"

Msichana aliyesukwa akacheka, akaambiwa atulize kichwa.

Nikakaa. Nikamwuliza papa Tshibangu mwalimu alisema nini siku ile. Alikunja gazeti mara mbili, mara nne.

"Miye nakamata pinceau ya rangi miaka arobaini. Muntu ananikamata mukono mbele ya bantu, sawa niko mutoto wa primaire! Alisema…" Akasita. "Alisema, ile jani haikuomba musaada yako."

Maman Victorine akaacha kusuka. Alicheka hadi akatafuta kiti.

"Ule mama ananijua? Kila siku miye namuambiaka paka vile! Sombe yangu haikuomba chumvi yako! Napika, iko muzuri, anaonja, anaongeza. Anaonja, anaongeza. Kisha hakuna muntu wa kukula."

Hata papa Tshibangu akatabasamu, ingawa alijitahidi asitabasamu. Nikaona ndipo pa kuingilia.

"Papa, mimi sisikii kitu darasani. Siombi uchore. Njoo tu uwe masikio yangu."

Akalikunjua gazeti, akalikunja tena. "Kama ni kazi ya kutafsiri, nitakuya. Juu yako. Lakini pinceau sikamate."

Akaja. Jumamosi ile alikaa mahali pake na koti lake la suti, mikono kaikunja kifuani kama mlinzi wa benki, akanitafsiria kila neno. Madame Okabe alimsalimia kana kwamba walionana jana. Akaweka mbele yake jiwe, mche, brashi na karatasi nyeupe. Papa Tshibangu hakuvigusa. Saa ilipokwisha, mwalimu akavikusanya vikiwa safi. Jumamosi ya pili vivyo hivyo. Ya tatu vivyo hivyo. Wenzetu wakazoea, mimi pia.

Ya nne, simu yake ikalia.

Alikuwa maman Victorine, na hata mimi nilimsikia. Papa Tshibangu alikuwa ametumwa kuleta mizigo ya nywele za kusukia kutoka kwa muuzaji aitwaye Tatiana, na alileta rangi siyo, nyeusi namba moja badala ya namba thelathini na tatu.

"Allô? Victorine, niko ku cours… Hapana, uliniambia numéro un… Trente-trois? Nani alisema trente-trois?"

Simu ilikuwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia, ambao siku zote unatafuta kazi, ukaichukua brashi yangu. Nadhani hata hakujua. Ukaichovya kwenye wino wangu niliousaga nusu saa, ukaigusisha kando ya kisahani kuondoa uliozidi, ukaiweka kwenye karatasi yangu niliyokwisha kuiharibu kwa shina lililopinda.

"Mekundu-mekundu, ndiyo, najua trente-trois iko mekundu-mekundu!" Jani. "Lakini muntu akisema nywele, miye nakamata nyeusi!" Jani. "Hapana, Tatiana hana kosa." Jani, refu, likaning'inia. "Basi mariage, harusi yao, iko saa ngapi?" Majani mawili, moja juu ya jingine, la nyuma likiwa na wino uliokwisha kupungua, jepesi kama kivuli. "Victorine. Victorine, nisikilize."

Akaitua brashi, akainuka, akatoka nje na simu yake ili agombane kwa nafasi.

Nilitazama karatasi. Lile shina langu lililopinda lilikuwa limepata sababu ya kupinda: upepo uliinamisha kila kitu upande mmoja, na majani yale matano yalikuwa yakiufuata. Nikainua macho. Madame Okabe alikuwa amesimama ng'ambo ya meza. Aliichukua karatasi kwa mikono miwili, akaipeleka kwenye droo yake, akaifunga. Kisha akanitazama, na nikaelewa bila mkalimani kwamba nisimwambie mtu.

Papa Tshibangu aliporudi alishangaa kuona wino kwenye vidole vyake, akaupangusa kwa leso. Hakuuliza.

Jumamosi iliyofuata, mwalimu alipoweka vifaa mbele yake, akashusha pumzi. "Ule mama anachoka kupanga bintu bure," akaniambia, akaanza kusaga wino. Majani yake mengine yalikuwa bado viatu. Mengine yalikuwa majani. Alikuwa akirudilia mara mbili badala ya sita, na karatasi mpya zikaanza kupungua.

Juni tulikuwa na maonyesho yetu madogo pale pale ukumbini. Kila mwanafunzi picha moja. Siku ya kutundika, Madame Okabe akatoa kutoka droo yake kazi iliyobandikwa vizuri juu ya karatasi nene, pembeni imezungushiwa utepe wa kijivu. Akaiweka mezani mbele ya papa Tshibangu.

Papa Tshibangu akavaa miwani. Aliinama juu yake kwa muda mrefu.

"*C'est à vous, madame?*" akauliza, akidhani ni kazi ya mwalimu mwenyewe. Kisha akanigeukia mimi, sauti imeshuka. "Angalia maman. Hii jani ya nyuma. Wino inakwisha, yeye hana shida, anaacha iishe. Unaona? Haogope. Miye nitafika hapa nikiwa na miaka mia moja."

Madame Okabe akasema neno moja kwa Kifaransa, na hilo nililijua. *Vous.* Wewe.

Akacheka kwa adabu, kama mtu anayefanyiwa mzaha na mkubwa wake. Akanitazama ili nicheke naye. Sikucheka.

"Ni zako, papa. Shina ni langu. Majani ni yako. Ulikuwa unagombana na maman Victorine kuhusu nywele."

Akavua miwani, akaivaa tena. Akaweka mkono wake wa kulia juu ya meza, kando ya picha, akavitazama vyote viwili kama mtu anayelinganisha sahihi mbili. Macho yakamlowa. Kisha uso ukakaza. Mwalimu alikuwa anampa kalamu ya kuweka jina.

"Hapana. Miye nilisaini kuta za Lubumbashi zote, kila kintu yenye nilisaini nilikifanya na akili yangu. Hii sikumbuke. Muntu hasaini kintu yenye hakumbuke."

Nilidhani mwalimu ataudhika. Akairudisha kalamu mfukoni, akaitundika picha ukutani katikati ya nyingine, na penye kadi ya jina akaacha wazi.

Watu walikuja Jumapili mchana. Shafii alikuja na kamera. Watu wa Schaerbeek walikuja, na majirani wa Madame Okabe, na baada ya misa wakaingia maman Victorine na wateja wake watano, vitenge vikiwa vimepigwa pasi vikakaza, na ukumbi ukawa na sauti. Nilimwona papa Tshibangu akimpitisha mkewe mbio mbele ya ile picha. Lakini alikuwa amechelewa.

"Ngoja. Hii haina jina. Ni ya nani?"

"Ya muntu," akasema papa Tshibangu.

Maman Victorine hakuolewa na mtu yule miaka thelathini na minne asijue anapoficha jambo. Akanigeukia mimi. Mimi si mzuri wa kusema uongo, hasa kwa mtu aliyevaa vizuri namna ile. Nikamweleza: simu, trente-trois, mkono wa kulia, majani matano, na kwa nini hataki kusaini.

Akasikiliza hadi mwisho. Akaisogelea picha, akaitazama jani kwa jani. Nilitegemea kicheko, hakikuja.

"Donc," akasema polepole, "saa ile nilikuwa namukalipia, yeye alikuwa anafanya hii?"

"Ndiyo, maman."

"Kama singepiga simu, hii haingekuwa?"

"Nadhani isingekuwepo."

Akafungua mkoba wake, akatoa kalamu ya wino wa buluu, ile anayoandikia wateja wake. Kabla mtu hajamzuia, kwenye pembe ya chini, mahali papa Tshibangu alipozoea kuweka jina lake kwenye kuta zote za ujana wake, akaandika kwa herufi za shule: *Victorine*.

"Yeye hakumbuke," akatangaza. "Miye nakumbuka yote."

Papa Tshibangu alitoa sauti ambayo sijui niiiteje. Akashika kichwa. Akaitazama ile buluu juu ya karatasi nyeupe, ambayo haifutiki wala haifunikiki, kisha akamtazama mkewe, kisha kicheko kikampata kutoka chini kabisa, kikamwinamisha hadi akajishika kwenye meza, na machozi yakamtiririka mbele ya watu wote na hakujali. Wateja watano wakaanza kupiga vigelegele bila kujua kwa nini.

Madame Okabe akaja kuona kuna nini. Papa Tshibangu akajaribu kumtafsiria, akashindwa, akaanza upya, akashindwa tena. Mwishowe maman Victorine mwenyewe akaeleza, kwa Kifaransa na kwa mikono. Mwalimu akasogeza uso wake karibu na lile jina. Akafunika mdomo. Mwaka mzima sikuwahi kumwona akicheka. Alicheka kama msichana, kimya kimya, mabega tu. Halafu akaenda kwenye droo yake, akarudi na muhuri wake na kisahani cha wino mwekundu, akaugonga muhuri kando ya neno *Victorine*. Mraba mdogo mwekundu. Kwao hiyo maana yake kazi imekamilika.

Baada ya hapo tulikula. Maman Victorine alikuwa ameleta sombe, yaani kisamvu, na samaki na bukari iliyofungwa kwa taulo isipoe, na Shafii, aliyezoea kuiita ugali, alibishana na wateja watano jina lake halisi ni lipi hadi sufuria ikaisha. Madame Okabe alikula kwa mkono, kwa uangalifu ule ule anaoshikia brashi. Alipoonja sombe alisema iko sawa kabisa, na papa Tshibangu akajikuta anatafsiri hilo pia, kwa sauti ndogo.

Ile picha sasa iko saluni, kati ya vichwa viwili vyenye midomo myekundu, na wateja wanaisoma vizuri: wanasema Victorine anajua kuchora. Papa Tshibangu hawapingi. Septemba tulirudi darasani, tukaacha mianzi, tukaanza okidi, ambayo ni ngumu zaidi kwa sababu jani lake ni refu na lazima lipinde mara mbili kabla halijaisha. La kwanza lake lilitoka likitetemeka. Alilitazama. Niliiona brashi ikipanda tena, ikakaa hewani muda wa kuvuta pumzi mbili. Kisha akaigeuzia upande wa pili wa karatasi, akachora jingine. Simu yake siku hizi anaiacha mezani ikiwa imewashwa. Anasema ni kwa ajili ya mkewe.

Nami picha yangu ya maonyesho niliikunja ndani ya bomba la karatasi, nikampa mfanyakazi mwenzake Shafii aliyekuwa anakwenda likizo, amfikishie mama yangu Tanga. Mwanzi mmoja, pingili tano, majani saba, na nafasi nyeupe kubwa upande wa kushoto. Niliifanyia kazi tangu Pasaka. Mama akanipigia simu siku ile ile aliyoipokea.

"Mwanangu, nimeiona. Nimeitundika sebuleni, kila anayeingia anaisifu."

"Ahsante, mama. Umeipenda?"

"Nimeipenda sana," akasema mama. "Sijapata kuona miwa mizuri namna hii."